UBATIZO SI HIRIZI



Kuna swali moja ambalo sisi wakatekista wa mashariki ya Kongo twaulizwa kila mahali: njiani, sokoni, kwenye kilio, hata mlangoni pa Kanisa Misa ikiisha. Swali lenyewe ni hili: "Mwalimu, ninyi mwafundisha ya kuwa mtu aliyebatizwa ni wa Mungu. Kama sisi ni watu wake kweli, mbona twateswa hivi? Mbona twakimbia usiku na watoto mgongoni, kama watu wasio na mwenyewe?"

Swali hilo si dharau. Aulizaye ana haki ya kuuliza. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi wa Februari vikaingia Bukavu. Mabenki ya Goma yalifunga milango, na mwenye akiba yake humo alibaki akitazama kufuli. Watu waliokuwa wakikaa chini ya shitingi kandokando ya mji, kama pale Bulengo, waliambiwa waondoke katika muda wa saa 72. Wengine walirudi vijijini kwao wakakuta nyumba hakuna. Maiti wengi walizikwa haraka haraka, na wako jamaa wasiojua wamlilie mtu wao kwenye kaburi gani. Baada ya hayo yote mtu akiuliza, "Mimi ni wa nani?", tusimkaripie. Tumjibu.

Lakini kabla ya kujibu yatupasa kufanya kazi nyingine. Maana wako watu waliotangulia kujibu, nao wamejibu vibaya, na majibu yao yameenea kama moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Nia yetu ni kuwapinga hao waziwazi, kisha kusema lile ambalo Eklezya yatufundisha.

WAUZAJI WA FARAJA

Shida ikiingia mjini, wauzaji hawakawii. Kuna auzaye makala, kuna auzaye bidoni ya maji, kuna asukumaye chukudu apate posho ya watoto. Hao wafanya kazi halali, Mungu awabariki. Lakini kuna pia auzaye faraja. Huyu afungua chumba cha maombi katika nyumba ya kukodi, aweka kipaza sauti mlangoni, na neno lake ni moja tu: "Mtu wa Mungu hapatwi na risasi. Mtu wa Mungu hafukuzwi kazini. Mtu wa Mungu hazikii mtoto wake. Ukipatwa na hayo, basi kuna mlango umemfungulia shetani, au kuna mlozi nyumbani mwako."

Ukisha kuogopa, aleta dawa yake. Leo ni chupa ya mafuta, kesho ni kitambaa, keshokutwa ni bahasha wanayoiita "mbegu". Panda kidogo, utavuna kidogo. Panda nyingi, Mungu atakulinda sana! Mjane auza kikwembe chake cha mwisho apate kupanda. Mzee atoa fedha ya mbuzi. Na jioni moja mtoto yatima, ambaye mama yake alikufa njiani wakikimbia, aambiwa ya kuwa ndiye mlozi wa nyumba. Asubuhi yuko barabarani pamoja na maibobo.

Sisi twasema bila kuzungukazunguka: huo ni wizi. Tena ni wizi wa mara mbili. Mara ya kwanza waiba fedha. Fedha ni jambo baya, lakini fedha hurudi. Mara ya pili waiba kitu kisichorudi upesi: wamwibia maskini Mungu wake. Maana siku risasi itakapofika, mjane yule atafikiri nini? Aliambiwa mtu wa Mungu hapatwi. Yeye amepatwa. Basi yeye si mtu wa Mungu! Walimwuzia faraja, kumbe walimwuzia hukumu. Saa ile alipokuwa na haja ya Baba kuliko saa zote za maisha yake, wamemfanya aamini ya kuwa Baba amemkana.

Tena wasomaji Wakatolika wasicheke upesi wakidhani twawasema watu wa madhehebu mengine tu. Twatazame nyumbani mwetu. Kuna baba akimbizaye mtoto wake kubatizwa ili walozi wasimguse usiku. Mtoto akisha kubatizwa, baba hamfundishi hata kufanya ishara ya Msalaba. Kuna mfanyabiashara azikaye medali chini ya kizingiti cha duka ili wateja waje, na kipimo chake cha unga ni cha uwongo. Kuna dereva atundikaye Rozari mbele ya macho yake, na chupa ya pombe chini ya kiti. Kuna mwenye skapulari shingoni na dawa ya mganga kiunoni, asemaye: "Moja ikishindwa, nyingine itasaidia." Na wako waliokwenda kuzamishwa tena ziwani, wakidhani labda maji ya kwanza yalikuwa machache!

Medali ni njema. Rozari ni njema. Eklezya yenyewe yazibariki. Ubaya hauko katika medali, uko katika moyo utakao kumfunga Mungu kwa uzi, kama vile mtu afungavyo mbwa wa kulinda nyumba.

WAISRAELI NA SANDUKU LA AGANO

Kosa hilo si la leo. Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya nne, twasoma habari za Waisraeli waliopigwa vitani na Wafilisti, wakapoteza watu 4,000. Wazee wakafanya shauri. Je, walitubu dhambi zao? Je, waliwakemea wana wa kuhani Eli, Hofni na Finehasi, waliokuwa wakila sadaka za watu? La. Walituma watu Silo, wakalichukua Sanduku la Agano, wakalipeleka vitani. Walipoliona lafika walipiga kelele ya furaha hata nchi ikatetemeka. Wakafikiri: sasa Mungu yumo mkononi mwetu, hawezi kushindwa.

Siku ile walikufa askari 30,000, na Sanduku lenyewe likatekwa.

Angalieni basi. Watu wale walikuwa wa Mungu kweli. Sanduku lilikuwa takatifu kweli. Lakini walitaka kitu kitakatifu kifanye kazi ya hirizi, na Mungu alikataa kuwa hirizi ya watu. Afadhali alikubali aibu ya Sanduku lake kuwekwa katika hekalu la wapagani, kuliko kuwaacha watu wake wakiamini uwongo huo.

Sisi pia tumeona jambo lifananalo na hilo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo uliteremka ukapita katikati ya mji wa Goma. Haukuuliza nyumba hii ni ya mwema au ya mwovu. Ulichoma maduka, ulichoma nyumba za maskini, ulichoma hata Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Je, nyumba ile haikuwa ya Mungu? Ilikuwa yake kabisa. Na Wakristu waliendelea kusali, kwani Mungu hakuungua pamoja na matofali.

Tena tusilifiche jambo lililo gumu kuliko yote. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika Ituri, wauaji waliingia katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite. Waliwakuta watu wakikesha katika sala, vijana na watoto wakiwamo. Watu zaidi ya 40 waliuawa. Hawakuwa dansini, hawakuwa kwa mganga. Walikuwa mbele ya Mungu.

Sasa muuzaji wa faraja na aseme. Atawaambia nini mama za Komanda? Ya kuwa watoto wao hawakuwa na imani? Ya kuwa mbegu waliyopanda ilikuwa ndogo? Asimame mbele ya makaburi yale aseme hivyo kwa sauti, kama ana uso. Hapa njia ni mbili tu: au Mungu aliwatupa watu wake, au muuzaji alisema uwongo. Sisi twasema: muuzaji alisema uwongo.

ALAMA YA MWENYEWE

Wachungaji wa ng'ombe na mbuzi wafahamu jambo hili vizuri. Mwenye mbuzi aweka alama yake katika sikio la mnyama. Mvua ikinyesha, mbuzi mwenye alama hulowa sawasawa na mbuzi asiye na alama. Baridi humpata, njaa humpata, hata chui aweza kumkamata. Basi alama yafaa nini? Yafaa hivi: mwizi akimchukua mbuzi huyo na kumpeleka soko la mbali, hawezi kusema mbele ya watu, "Huyu ni wangu." Alama yamshitaki. Mwenyewe akitokea atasema: "Leteni mnyama wangu," na hakuna wa kubisha.

Mfano huu si mkamilifu, maana sisi si mbuzi, sisi ni watoto. Hata hivyo wasaidia kufahamu. Eklezya yafundisha ya kuwa Sakramenti ya Ubatizo yatia rohoni alama isiyofutika. Dhambi yaweza kuizuia isizae matunda, lakini haiwezi kuifuta. Ndiyo sababu Ubatizo haurudiwi kamwe. Aliyebatizwa akiiacha dini miaka 40 na kurudi, hupewa maondoleo katika kitubio, habatizwi tena. Alama ilikuwapo miaka yote ile, ikimngoja. Kwa hiyo ninyi mnaokwenda ziwani kutafuta maji mengine, mwamtukana Mwenyewe wenu, kama kwamba yeye husahau mali yake.

Basi tofauti kati ya alama na hirizi ni hii. Hirizi husema: "Hakuna baya litakalonipata." Alama husema: "Lolote litakalonipata, mimi nina Mwenyewe." Hirizi ikishindwa mara moja hutupwa jalalani. Alama yabaki hata kaburini.

Na hapa ndipo ilipo faraja ya kweli. Mtume Paulo alipowaandikia Waroma aliwafundisha ya kuwa tukiishi tu wa Bwana, tukifa tu wa Bwana vile vile. Yeye hakuwa mtu aliyekaa salama chini ya mti akiandika maneno matamu. Alipigwa viboko, alipigwa mawe, alivunjikiwa na merikebu, na mwishoni alikatwa kichwa Roma. Akasema hakuna kitu, wala mauti wala uhai wala mamlaka, kiwezacho kututenga na mapendo ya Mungu. Hakusema mambo hayo hayatatufikia. Alisema hayatatutenga. Mwenye masikio asikie tofauti.

Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alikuwa wa Baba kuliko sisi sote. Shetani alimwambia ajitupe kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa malaika watamdaka. Hiyo ndiyo hubiri ya wauzaji wa leo! Yezu aliikataa. Baadaye kule Getsemani aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Alikufa msalabani kati ya wanyang'anyi wawili. Je, hakuwa mpenzi wa Baba? Siku ya tatu ilijibu.

SKAPULARI YA BAKANJA NA MAJI YA WASIMBA

Labda mwasema: "Maneno hayo ni ya watakatifu wa zamani, watu wa nchi za mbali." Basi njooni kwetu Kongo.

Mwenye Heri Isidori Bakanja alikuwa kijana wa Ekwateri, mfanya kazi wa mikono. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, akavaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Alipokuwa boi katika shamba la kampuni huko Ikili, mkubwa wa shamba, mzungu aliyechukia dini, alimwamuru aivue. Bakanja hakuivua. Mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, zaidi ya viboko 100, hata mgongo ukawa kidonda kimoja. Aliteseka miezi, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Kabla ya kufa alisema amemsamehe yule mkubwa, na ya kuwa atamwombea mbinguni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Sasa tuulize swali la muuzaji: skapulari ile ilimlinda na viboko? Hata kidogo. Ndiyo iliyomletea viboko! Kama ingalikuwa hirizi, Bakanja angaliitupa baada ya kiboko cha kwanza, maana hirizi isiyolinda ni kitambaa tu. Hakuitupa, kwani kwake ilikuwa alama. Mkubwa wa shamba aliweza kusema, "Mikono hii ni ya kampuni, nyumba hii ni ya kampuni, chakula hiki ni cha kampuni." Lakini alipofika kwenye kitambaa kile kidogo kifuani alikuta mali ya Mwingine. Ndiyo maana alikasirika hivyo.

Mwenye Heri Anuarite, Sista wa Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye alikuwa na miaka 24. Mkubwa mmoja wa askari Wasimba alitaka kumfanya mke wake kwa nguvu. Alikataa, kwa sababu alikuwa amekwisha kujitoa kwa Mungu. Akachomwa na kupigwa risasi, huku akimsamehe amwuaye. Maiti yake ilipotafutwa baadaye, sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa mfukoni mwake ilisaidia watu kumtambua.

Wasimba wale nao walikuwa na kitu chao. Walinyunyiziwa maji yaliyoitwa "mai Mulele", wakaambiwa risasi za adui zitageuka maji. Waliamini, wakakimbilia bunduki wakipiga kelele, wakaanguka kwa mamia. Tazameni basi wale wawili wakisimama usiku ule pale Isiro: askari mwenye maji ya kumkinga, na Sista mwenye sanamu mfukoni. Mmoja alijidhania ana kinga, akawa mtumwa wa tamaa yake na wa hasira yake. Mwingine hakuwa na kinga yo yote, naye alikuwa huru. Nani kati yao aliyekuwa na faraja?

Mtu atasema: "Lakini wote hao walikufa!" Ndiyo, walikufa. Na yule anunuaye mafuta atakufa. Na yule amwuziaye atakufa. Neno si kujua kama tutakufa. Neno ni kujua tutakufa tukiwa wa nani. Wenye Heri hao hawakuondoka duniani kama vitu vilivyopotea. Majina yao yatajwa altareni. Na wale waliozikwa bila jina katika udongo wa Goma, wa Beni na wa Ituri, mwadhani Mungu hayajui majina yao? Aliwaita kwa majina hayo hayo siku ya Ubatizo wao. Mwanadamu aweza kusahau kaburi. Mwenyewe hasahau mtu wake.

MALI YA MUNGU HAIUZWI

Sasa yafaa tugeuke upande wa pili, kwani adui mwingine atusubiri huko. Kuna watu wasemao: "Mafundisho haya ya kuwa wa Mungu ni dawa ya usingizi. Mwawaambia maskini wavumilie, na wenye nguvu waendelea kuwala." Na kwa huzuni twakiri ya kuwa Wakristu wengine wawapa watu hao sababu. Wakunja mikono, wasema "Mungu ndiye ajuaye," na hali jirani yao analala njaa nyuma ya ukuta.

Jibu letu ni hili: asemaye "mimi ni wa Mungu" amesema neno zito. Kama mimi ni mali ya Mungu, basi siwezi kuuzwa, wala mimi mwenyewe sina ruhusa ya kujiuza. Na jirani yangu vile vile.

Kijana Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa barabarani wapate masomo. Kazi yake ya serkali ilikuwa kukagua vyakula vinavyopita mpakani. Wakaleta mchele ulioharibika, wakampa fedha aachilie upite. Akakataa. Wakaongeza fedha, wakaongeza na vitisho. Akakataa. Alijiuliza kama anaishi kwa ajili ya Kristu au sivyo, na jibu likamtosha. Alitekwa tarehe 7 Julai 2007, akateswa na kuuawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Kanisa la Mtakatifu Paulo, katika miezi ile ile ambayo mji wake wa Goma ulikuwa katika machozi.

Wenzetu hupenda kusema, "Mwenye njaa hana mwiko." Bwana Chui alikaa katika mji ule ule wenye njaa, naye alikuwa na mwiko. Mwiko wake ulikuwa matumbo ya watu asiowajua, ambao wangalikula mchele ule. Je, huo ni usingizi? Wanaolala ni wale wapokeao bahasha! Faraja ya kuwa wa Mungu ilimfanya mtu huyo awe macho katika nchi yenye wengi waliofumba macho.

Tena kuna jambo la kabila, nasi hatutalikwepa. Wakati wa vita kila mtu atafuta mwenyewe wa kumshika. Wengine husema, "Mimi ni wa kabila fulani, basi." Wengine hujitia chini ya bunduki fulani. Kisha huanza kumtazama jirani kwa pua yake na kwa lugha yake: huyu ni wetu, huyu si wetu, huyu afukuzwe. Kabila ni zawadi ya Mungu, nayo yatupa lugha, mila na wazee. Lakini kabila silo Mwenyewe wetu. Alama ya Ubatizo haina kabila. Ukiiona katika paji la uso la mtu usiyeelewa lugha yake, ujue ya kuwa ukimpiga wapiga mali ya Bwana wako. Na yule asiyebatizwa naye aliumbwa kwa mfano wa Mungu huyo huyo, basi hakuna mlango wa kutorokea.

Askofu mkuu wa Bukavu, Kristofu Munzihirwa, alifahamu hayo. Mwaka 1996 wakubwa wengi walipokwisha kukimbia, yeye alibaki mjini na watu. Alikuwa amewatetea wakimbizi, wageni wa nchi nyingine, wakati kuwatetea kulileta hatari. Aliuawa barabarani tarehe 29 Oktoba 1996. Kama angalikuwa mtu wa kabila tu, angalinyamaza. Kama angalikuwa mtu wa bunduki, angalijua wapi pa kujificha. Yeye alikuwa wa Mungu.

TUFANYE NINI?

Polemiki bila kazi ni kelele. Basi tutaje mambo machache, kila mtu ayatende katika shirika lake.

Kwanza, tusitoe tena hata franka moja kununua ulinzi wa Mungu. Simoni mchawi alitaka kununua uwezo wa Roho Mtakatifu kwa fedha, na Mtume Petro alimkemea vikali. Fedha ile ya "mbegu" tuitie katika kikapu cha shirika, ilipe masomo ya yatima au dawa ya mgonjwa. Na padri au mkatekista atakayedai fedha ili akuahidie ulinzi, mkatalieni vile vile.

Pili, mtoto aliyefukuzwa kwa kuitwa mlozi arudishwe nyumbani. Wazee wa shirika waende pamoja na mkatekista, waketi na jamaa, wasiondoke mpaka mtoto amekula ndani ya nyumba. Asiye na jamaa, mmoja wetu ampokee. Jamaa nyingi za Goma na za Bukavu zimewapokea wakimbizi katika vyumba vyao vidogo, wakigawana bugali na sombe bila kutangaza. Huo ndio mkono wa Mungu wenye kufariji. Hauna kipaza sauti.

Tatu, afiwaye asiulizwe, "Ulikosa nini?" Marafiki wa Yobu walifanya vema siku saba walipokaa naye kimya, walipofungua kinywa kumtafutia kosa ndipo walipoharibu. Tukae na wafiwa, tuwachotee maji, tuwapikie, tusali nao. Maneno yatangoje.

Nne, tusiache kumlilia Mungu. Kuwa wa Mungu si kufumba kinywa. Mtoto wa nyumbani hulia kwa sauti, maana ajua yuko kwa baba yake; mgeni ndiye aliaye polepole. Zaburi zimejaa kilio na maswali makali, na Eklezya yazisali kila siku.

Tano, na hili ni la wazazi. Jioni, kabla ya watoto kulala, hata kama mwalala chini ya shitingi, hata kama bunduki zasikika kilimani, wekeni ishara ya Msalaba katika paji la uso la kila mtoto, kama padri alivyofanya siku ya Ubatizo. Msimwambie, "Sasa hakuna kitakachokupata," kwani hamjui. Mwambieni neno mnalolijua: "Mwanangu, wewe ni wa Mungu." Mtoto akuaye na neno hilo hatamnunua mtu, wala hataogopa atakayekuja kumnunua.